Mkwaju: mwenyeji mwenye jina la kigeni

Mchumia juani hulia kivulini. Ndivyo walivyosema wazee wetu, na waliposema hivyo kivuli hakikuwa shida. Kila ua ulikuwa na mti wake, na kila mti ulikuwa na watu wake. Leo hii, ndugu msomaji, hebu pita katika mitaa yetu mipya ya pwani, iwe Kisauni, Likoni, Mtwapa au Malindi, adhuhuri ya mwezi wa Februari. Wachumao juani utawaona ni tele, lakini pa kulia kivulini hawana. Nyumba ni za mawe na saruji, mapaa ni ya mabati, ua wote umesakafiwa, na mti uliopo, ikiwa upo, ni ule wa mapambo uliosimama wima kama mlingoti wa jahazi, usioweza kumfunika hata kuku na vifaranga vyake.

Siandiki haya ili kuwalaumu wenzangu. Mimi mwenyewe ni mmoja wa waliokata. Katika ua wa marehemu baba yetu palikuwa na mkwaju mkubwa, shina lake watu wawili tukishikana mikono hatukulizunguka. Chini ya mti huo ndipo mama alipochambua mchele, akasuka ukili na kupokea wageni. Chini yake ndipo sisi watoto tulipotupa mikoba tukirudi chuoni, tukarudia sura tulizopewa na mwalimu huku tukifyonza ukwaju uliodondoka.

Baba alipofariki tulikaa kama warithi, tukaafikiana kujenga vyumba vya kupangisha. Mkwaju ulikuwa njiani. Mmoja wetu akasema mizizi yake itapasua msingi. Mwingine akasema mti ule una mashetani, na kwamba ndio uliokuwa ukiwaletea watoto homa mwaka baada ya mwaka. Mimi niliyesoma, ambaye ilinipasa kusema, sikusema. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kukahesabiwa kuwa ni ridhaa. Mti ambao babu yetu alizaliwa akaukuta, uliangushwa kwa siku mbili na nusu.

Mama hakututeta. Aliuhamisha mkeka wake tu. Asubuhi aliketi upande wa magharibi wa ukuta, alasiri upande wa mashariki, akikifuata kivuli cha ukuta kama mtu amfuataye mdaiwa wake. Adhuhuri kivuli kilipokwisha, aliingia ndani, chini ya bati. Siku moja aliniuliza bila ya hasira yoyote: "Mwanangu, hao mashetani mliowafukuza wamekwenda wapi? Maana tangu walipoondoka, mimi sijaonja upepo." Nilicheka, kisha nikaona kwamba hapakuwa na la kuchekwa. Mama aliondoka duniani kabla sijampandia mti mwingine. Hilo ndilo deni lililonitia kalamu mkononi leo.

WAGENI TULIOWAPA KITI

Si kwamba baada ya kuukata mkwaju hatukupanda kitu. Tulipanda mwembe, mche mzuri ulionunuliwa kwa bei. Ulikua, ukachanua, na maua yakapigwa na ubwiri, ule unga mweupe unaoyakausha maua yakapukutika kabla ya kushika tunda. Machache yaliyobaki yakaiva na funza ndani. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali ambayo ilinipasa kuyauliza kabla shoka halijanolewa.

Hebu tuitazame miti iliyozoeleka katika nyua zetu. Mwembe na mfenesi asili yao ni upande wa Bara Hindi na nchi jirani zake. Mkungu, uliolipa jina bwalo la Mkunguni kule Lamu, ulitoka pwani za Asia. Mwarobaini, ambao wengi wetu huku tunauita mkilifi, nao ni wa Bara Hindi. Mjohoro ni wa Asia ya kusini mashariki. Ule mti wa maua mekundu uchanuao mwisho wa mwaka, ambao watu huuita mkrismasi, kwao ni Bukini. Hata mnazi, ambao bila yake Mswahili hana tui wala makuti, ulivuka bahari kuja kwetu.

Sisi watu wa pwani hatumfukuzi mgeni, na miti hii imetufaa karne kwa karne. Lakini mgeni huweza kufuatwa na adui yake wa kwao, au akakutana huku na adui asiyemjua. Mwaka 2003 aligunduliwa hapa Kenya inzi wa matunda kutoka Asia, na tangu hapo wakulima wa maembe hawajapumzika. Ndiye anayetia mayai chini ya ganda la embe, na wewe ukilikata unakuta funza. Kule Tanzania bara kuna maradhi yauayo minazi: nazi changa hudondoka, makuti hugeuka manjano, na mwisho kilele chote huanguka, ukabaki mgogo mtupu kama nguzo ya simu. Unguja na Pemba nako, wenye mikarafuu waliyajua zamani maradhi waliyoyaita kifo cha ghafla, ambapo mti uliokuwa kijani hukauka upesi kana kwamba umemwagiwa maji ya moto.

Sisemi kwamba mti wa asili hauugui. Mvule ni mti wetu hasa, na ubao wake unasifika, lakini ukipandwa kwa wingi mahali pamoja hushambuliwa na mdudu mdogo ayavimbishaye majani machanga na kuudumaza mche. Kwa hiyo swali si kama mti ni wa kwetu tu. Swali ni hili: ni mti upi wa kwetu uliokwisha kuyazoea maradhi, jua na chumvi ya huku, uwezao kuketi uani na watu, ukatoa kivuli na chakula bila ya kuhitaji daktari kila msimu? Kila nilipouliza, jibu lilinirudisha kwenye kisiki kile kile cha ua wa baba.

TENDE YA HINDI ISIYO YA HINDI

Waarabu huuita ukwaju tamri hindi. Sisi tuliopita chuoni tunajua kwamba tamri ni tende. Basi ni tende ya Hindi. Wazungu wakalichukua jina hilo wakalifanya lao, na mwaka 1753 mtaalamu Linnaeus wa Sweden alipouandika mti huu katika daftari la elimu ya mimea aliuita Tamarindus indica. Tazama ajabu hiyo: jina moja limeutaja Uhindi mara mbili.

Hata hivyo wataalamu wa mimea wanakubaliana kwamba asili ya mkwaju ni Afrika, katika nyika kavu za bara letu hili. Ulifika India zamani za kale, ukazoea, ukapendwa, ukapandwa kando ya njia, hata wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wakiununua huko wakadhani kwao ni huko. Ni kama kijana wa Lamu aliyekwenda kukaa ng'ambo muda mrefu, akarudi na jina la huko, nasi tukamwamkia kama mgeni.

Lugha yetu wenyewe haikukosea. Mswahili hakuuita mti huu kwa jina la Kiarabu wala la Kihindi. Aliuita mkwaju, na Wamijikenda nao huuita vivyo hivyo. Ukienda bara utamkuta Mkamba anauita muthumula na Mluo anauita chwaa. Hakuna anayehitaji kuazima jina la kitu alichozaliwa nacho uani. Na kule Unguja ya kaskazini kuna mji mzima uitwao Mkwajuni, kama vile hapa Mombasa tulivyo na Mwembe Tayari, na mji wa Unguja ulivyo na Mkunazini. Wazee walitumia miti kuelekezana njia, maana walijua kwamba mti utamwishia mtu na mtoto wake na mjukuu wake ukiwa pale pale.

Mkwaju ni wa jamaa moja na kunde, mbaazi na maharagwe, ingawa wenyewe hauna ndugu wa karibu. Katika jinsi yake ni peke yake duniani. Hukua kufikia mita 20 na zaidi. Mzizi wake mkuu huzama chini sana kutafuta maji, na mingine hutanda mbali, ndiyo sababu kaskazi ikikausha kila kitu wenyewe hubaki na majani yake, au hupukutisha kidogo tu. Matawi yake ni magumu yenye kunyumbuka, hayavunjiki ovyo kwa upepo wa kusi. Ardhi ya mawe ya matumbawe huistahimili, mchanga huustahimili, hata upepo wa chumvi. Kitu kimoja ndicho usichokipenda: maji yaliyotuama miguuni.

Na maradhi je? Hapa ndipo sifa yake ilipo. Mkwaju uliokwisha kushika ardhi hauna maradhi makubwa yajulikanayo ya kuuangamiza. Hilo halina maana kwamba hauguswi. Fukusi hutoboa makaka yaliyokomaa wakala mbegu. Wadudu wa magamba huweza kunyonya matawi. Mche mchanga hupata ubwiri ukiwekwa mahali penye unyevu pasipo na hewa, na mchwa huweza kuukata shinani. Lakini hayo ni mafua tu. Si yale maradhi ya kumwita mtu kuandika wasia. Miti ya ukwaju iliyopita miaka 100 si kitu cha ajabu, na haikupuliziwa dawa hata siku moja.

HAYO MAMBO YA MASHETANI

Najua kuna msomaji aliyekwisha kutikisa kichwa. "Bwana huyu atuambia tupande mkwaju uani! Hajui nani akaaye mkwajuni?" Nami sitaki kulikwepa neno hili, kwa sababu ndilo lililoukata mti wetu.

Majini wapo, Qur'ani Tukufu imewataja, wala si kazi yangu kulibishia hilo. Lakini hakuna aya niliyosomeshwa iliyowaandikia majini hati ya kumiliki mikwaju. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba mkwaju ni mti wa maumbile ya kumtia mtu fikira. Majani yake madogo madogo, yaliyopangwa jozi kwa jozi kwenye kijiti kimoja, hujikunja usiku ukiingia, kama mtu afumbaye macho. Mti mkubwa wenye kufumba macho magharibi, wenye popo na bundi ndani yake, na kigogo cheusi chenye mipasuko! Ni mtoto gani asiyeogopa?

Na khofu hiyo, ukiitazama vizuri, ilikuwa na faida yake. Miti iliyoogopwa haikukatwa. Jirani zetu Wamijikenda waliihifadhi misitu ya kaya zao kwa miiko iliyokataza kuvunja hata tawi, na mwaka 2008 misitu hiyo ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Khofu ya mkwaju ilikuwa askari asiyelipwa mshahara. Ajabu ni kwamba sisi wa leo tumeugeuza ulinzi ukawa hukumu: wazee waliogopa, wakauacha mti, sisi tunaogopa, tunaukata. Na sote twajua kwamba mara nyingi si shetani aliyetajwa katika kikao cha warithi, bali ni kodi ya mwisho wa mwezi.

ULIVYO JIKONI NA SEBULENI

Kama kuna nyumba ya pwani isiyojua ukwaju, basi hiyo haina jiko. Ramadhani ikiandama, jagi la maji ya ukwaju huwa mezani kabla ya tende kufika. Viazi vya karai bila ya ukwaju ni viazi tu. Samaki wa kupaka hutiwa ukwaju katika tui upate kuukata utamu wa nazi. Bajia, mihogo, achari, vyote vyamngojea yeye. Mama zetu walijua pia kwamba ukwaju hulilainisha tumbo lililofunga, ndiyo sababu mtoto aliyefakamia mno alionywa kabla usiku haujaingia.

Nyanya yangu hakutupa hata makapi. Baada ya kukamua, alichukua nyuzi na maganda yaliyobaki akasugulia sinia na birika za shaba siku ya kuamkia Idi, mpaka zikang'aa ukajiona uso. Ukali ule ule unaokufanya ufumbe jicho moja ndio ulao kutu ya shaba. Nao ubao wa mkwaju, ule wa moyoni wenye weusi, ni mgumu hata watu huchongea vinu na michi.

Mti mmoja uliokomaa, mwaka ukiwa mzuri, huweza kutoa zaidi ya kilo 150 za ukwaju. Hiyo ni futari ya mtaa, na kitu cha kupelekwa sokoni. Lakini mimi naweka kivuli mbele ya yote. Kivuli cha mkwaju hufunika jua huku kikiuacha upepo upite kati ya majani yake membamba. Tena chini ya mkwaju mkubwa majani mengine hayasitawi sana, kwa hiyo usitarajie kulima mchicha hapo. Ardhi yake ni ya mkeka, kahawa na mazungumzo.

NAMNA YA KUUPANDA

Jambo la kwanza ni mbegu, nazo hazinunuliwi. Kila Ramadhani msitu mzima hutupwa jaani kutoka katika majiko yetu. Lakini angalia: mbegu za ukwaju uliochemshwa hazitaota, na ule uliokandwa kwa chumvi nao si wa kutumainiwa. Tafuta ukwaju ungali ndani ya makaka yake, kutoka mti unaoujua kuwa unazaa vizuri. Osha mbegu, ziache ndani ya maji usiku kucha. Ganda lake ni gumu. Ukilikwaruza kidogo kwa msasa upande mmoja utaharakisha kuota.

Panda mbegu katika kopo refu lililotobolewa chini, kina cha kama ncha ya kidole, udongo uwe wa kichanga kidogo. Baada ya wiki moja au mbili, pengine hata mwezi, utaona kichwa kinachomoza. Uweke mche mahali penye hewa na jua la asubuhi. Usiuache koponi mpaka mzizi mkuu ukajizungusha, kwani mzizi uliojikunja utotoni haunyooki ukubwani. Samaki mkunje angali mbichi. Ukiotesha mwezi wa Desemba au Januari, mche utakuwa tayari masika yakiingia.

Sasa chagua mahali, na hapa ndipo wengi tunapokosea, kisha tukausingizia mti. Mkwaju hutanua matawi na mizizi. Uweke mita 8 hadi 10 kutoka ukutani, mbali na kisima na shimo la choo, wala usiwe chini ya nyaya za umeme. Laiti ndugu zangu na mimi tungalijua hili, tungalivisogeza vyumba vyetu na mti ukabaki. Mwenye ua mdogo usiofikia nafasi hiyo asijitese. Na ashirikiane na jirani zake kuupanda kwenye uwanja wa mtaa au wa msikiti, kwa idhini ya wenyewe.

Ukiwa na nafasi, upande upande wa magharibi wa nyumba. Jua la alasiri ndilo liumizalo: ukuta wa magharibi hulimeza joto hilo ukalitapika chumbani hata baada ya isha. Huhitaji dira kuujua upande huo. Sisi wa Mombasa kibla chetu ni kaskazini. Simama kama usimamaye kwenye swala, na magharibi iko mkono wako wa kushoto.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uweke kando, uuchanganye na samadi iliyooza vizuri, kisha uurudishe wenyewe kwanza kuzunguka mizizi. Mwagilia, funika shina kwa majani makavu yasiyoligusa, na uzungushie makuti au miba, kwa sababu mbuzi hajui kwamba mti una heshima. Miaka miwili ya kwanza umwagilie wakati wa kiangazi. Kagua mchwa. Matawi ya chini uyapunguze kidogo kidogo kila mwaka, mpaka mtu mzima aweze kupita chini bila ya kuinama.

Kisha usubiri. Sitakudanganya: mkwaju si mti wa mwenye papara. Katika miaka ya mwanzo hupanda kama nusu mita au zaidi kidogo kwa mwaka. Uliotokana na mbegu huchukua miaka 7 au zaidi kabla ya kuzaa. Ule mche uliounganishwa na kijiti cha mti uzaao huweza kuzaa baada ya miaka 3 au 4. Ukizaa utachafua ua kwa makaka na majani, na mwenye gari asiliegeshe chini yake. Mwenye kutaka kivuli kisicho na ufagio, na ajenge dari.

Neno moja la tahadhari. Nisije nikafahamika kwamba kila mtu sasa apande mkwaju na mkwaju peke yake. Ulaya na Marekani walikuwa na mti wao wa asili wa kivuli, uitwao elm, wakaupanda safu kwa safu katika mabarabara ya miji yao. Maradhi ya ukungu yachukuliwayo na mbawakawa wa magome yakatambuliwa Uholanzi katika miaka ya 1920, na kufikia 1930 yalikuwa yamevuka bahari hadi Marekani. Miti mamilioni ikafa, na barabara zilizokuwa kama mahema ya kijani zikabaki wazi. Hekima ni kuchanganya: huyu apande mkwaju, jirani mbambakofi, mwingine mwembe wake na autunze. Mtaa wenye miti namna nyingi haufiwi siku moja.

AMANA YA KIVULI

Pwani kwetu mti si kitu cha kupuuzwa hata katika mali. Ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja, na mnazi au mwembe uliosimama juu yake ukawa wa mwingine, na watu wakaheshimiana hivyo miaka nenda miaka rudi. Mti hurithiwa, mti huwekwa wakfu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mwislamu apandapo mti, kila akilacho mtu, ndege au mnyama katika mti huo huandikwa sadaka kwake. Na imekatazwa kukidhi haja katika kivuli wanachokitumia watu. Mimi fahamu yangu ndogo hunambia hivi: ikiwa kukichafua kivuli cha watu ni kosa kiasi hicho, basi kukiondoa kabisa bila ya dharura si jambo dogo. Mti mkuu ukigwa, wana wa ndege huyumba. Na wana wa watu pia.

Mwaka juzi, masika yalipoanza, nilipanda mkwaju katika sehemu ya ua iliyonibakia. Mbegu yake niliitoa katika makaka ya mti mmoja mzee ulioko mtaa wa pili, ambao wazee husema ni wa rika la ule wetu. Ndugu yangu mkubwa, yule yule aliyeukhofia msingi, alikuja akatazama nikichimba. Hakusema kitu. Kisha akavua kanzu, akaitundika ukutani, akalichukua jembe mkononi mwangu. Tulipomaliza alisema neno moja tu, "Mama angalicheka," akaenda kutawadha.

Mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, utakula lini ukwaju wake?" Nikamwambia kwamba babu yake amekwisha kula ukwaju wake zamani, huu ni wa watu wengine. Hakuridhika na jibu hilo, lakini kila alasiri ndiye abebaye kopo la maji. Mti wenyewe sasa umenifika kifuani. Kivuli chake chamtosha kuku na vifaranga vyake, na kwa leo si haba.

Naagana nawe, msomaji, kwa ubeti huu:

Mti huu si wa mbali, ni wetu tangu zamani,
Wahimili jua kali, na chumvi ya baharini,
Hutupa kwanza kivuli, na ukwaju wa chunguni,
Panda, uwache kauli, mche umo mkononi.